Mwaka wa Nyota: Historia ya Kuhesabu Vimondo vya Novemba

Kila mwaka, katikati ya Novemba, dunia hukatiza mkondo wa vumbi ulioachwa angani na nyotamkia iitwayo Tempel-Tuttle. Punje za vumbi hilo, nyingi zikiwa ndogo kama chembe ya mchanga, huingia katika angahewa kwa kasi ya kilomita 71 kwa sekunde na kuungua kiasi cha kilomita mia moja juu ya vichwa vyetu. Sisi tulio chini huona mstari wa mwanga ukipita na kutoweka kabla hatujamwonyesha mwenzetu. Hivyo ndivyo vimondo vya Leonidi. Vimeitwa hivyo kwa sababu vyote huonekana kama vinatoka mahali pamoja mbinguni, katika kundinyota la Simba.

Kwa miaka mingi mvua hii ya vimondo huwa ni manyunyu tu: mtu aliyekaa mahali penye giza totoro huona kumi au kumi na tano kwa saa. Lakini kila baada ya miaka 33 hivi, nyotamkia yenyewe inaporudi karibu na jua, huweza kutokea usiku ambao vimondo humwagika kwa maelfu. Muda huo mrefu ndio ulioifanya habari hii kuwa ngumu kueleweka. Mtu huiona mara moja maishani, akijaliwa mara mbili. Hapakuwa na mwerevu yeyote ambaye angeweza kuigundua siri yake peke yake. Iliwabidi watu waandike, wafariki, na wengine waje kusoma walichoandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui elimu nyingine inayoithibitisha methali hiyo kuliko hii.

Waandishi wa kwanza, 902 hadi 1533

Katika orodha ya kumbukumbu ambazo wanafalaki wa baadaye walizitegemea, ya kwanza ni ya Oktoba 902. Masimulizi yanasema nyota zisizo na idadi zilionekana zikitawanyika kama mvua. Ndio mwezi aliofariki Ibrahim bin Ahmad, mtawala wa nasaba ya Aghlab iliyokuwa na makao yake katika Tunisia ya leo, akiwa vitani huko Cosenza, kusini mwa Italia. Wanahistoria waliyaunganisha matukio hayo mawili, na mwaka huo ukajulikana kuwa mwaka wa nyota.

Miaka 300 baadaye, siku ya mwisho ya Muharram mwaka 599 Hijria, yaani Oktoba 19, 1202, mambo yalijirudia. Mwandishi wa Kiarabu alieleza kwamba nyota zilirushwa mashariki na magharibi, zikapishana kama nzige waliotawanyika, na hali ikaendelea hadi mapambazuko. Watu walitaharuki na kupaza sauti wakimwomba Mwenyezi Mungu. Mwandishi huyo hakuwa na nia ya kuwasaidia wanafalaki. Alichofanya ni kuweka tarehe, muda na mwonekano wa tukio. Mambo hayo matatu yalitosha kuufanya ukurasa wake uwe na manufaa zaidi ya miaka 600 baada ya yeye kufariki.

Upande wa pili wa Asia, serikali za China na Korea ziliajiri maofisa wa kukesha wakitazama mbingu, kwa kuwa dalili za angani zilihesabiwa kuwa zinahusu utawala wa mfalme. Kila jambo geni liliandikwa pamoja na siku yake. Mvua kubwa ya vimondo ya mwaka 1533 imo katika kumbukumbu hizo.

Kwa nini basi hakuna aliyegundua kwamba hili ni jambo moja linalorudi? Sababu ya kwanza ni huo urefu wa miaka 33. Ya pili ni kalenda. Tarehe ya mvua hii husogea mbele polepole, kiasi kwamba iliyokuwa katikati ya Oktoba katika karne ya 10 iliangukia katikati ya Novemba katika karne ya 19. Mwaka wa Hijria, nao, ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo jambo la msimu mmoja huweza kuangukia Muharram leo na Rajabu kizazi kijacho. Ya tatu ni kwamba daftari zilikaa mbalimbali: msomaji wa Kairo hakuwa na njia ya kuona maandishi ya kasri la China.

Ipo pia sababu ya nne, nayo ilikuwa ya kifikra. Aristotle alikuwa amefundisha kwamba vimondo ni mvuke mkavu unaopanda kutoka ardhini na kuwaka moto katika hewa ya juu. Kwa mafundisho hayo, vimondo vilihesabiwa pamoja na radi na upinde wa mvua. Wataalamu wa sayari hawakuona kwamba vinawahusu, na mafundisho hayo yalitawala Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Daftari mbili zakutana, 1794 hadi 1799

Aliyeyatikisa mafundisho hayo ni Ernst Chladni, Mjerumani aliyejulikana zaidi kwa utafiti wa sauti. Mwaka 1794 alichapisha kitabu kidogo akidai kwamba mapande ya chuma yaliyookotwa mahali mbalimbali duniani, pamoja na mioto inayokatiza anga, hutoka nje ya dunia. Wengi walimkejeli. Hata hivyo, dai lake liliwapa wengine swali linaloweza kupimwa: vimondo huwaka umbali gani kutoka ardhini?

Mwaka 1798 wanafunzi wawili wa Göttingen, Heinrich Brandes na Johann Benzenberg, waliamua kulijibu. Kila mmoja alikaa mahali pake, wakiwa wameachana kwa kilomita kadhaa, na kila kimondo alichokiona alikiandikia saa na njia yake kati ya nyota. Kisha wakalinganisha daftari. Vimondo walivyoviona wote wawili vilionekana mahali tofauti kidogo kwa kila mtazamaji, na kutokana na tofauti hiyo walikokotoa urefu. Wakakuta kwamba vingi viliwaka takriban kilomita 90 juu, mbali kabisa na mawingu na radi. Mvuke wa ardhini usingefika huko.

Mwaka uliofuata, kabla ya mapambazuko ya Novemba 12, 1799, mtafiti Alexander von Humboldt na mwenzake Aimé Bonpland walikuwa Cumaná, katika pwani ya Venezuela. Bonpland alikuwa ametoka nje kupunga upepo alipoona anga la mashariki limejaa vimondo, na kwa muda wa saa nne vilipita kwa maelfu. Humboldt aliandika alichokiona, kisha akafanya jambo muhimu zaidi: akaanza kuwauliza watu. Katika safari yake yote aliendelea kukusanya habari za usiku ule, hadi akabaini kwamba ulishuhudiwa kutoka misitu ya Amerika Kusini hadi Greenland na Ujerumani.

Wazee wa Cumaná walimwambia pia kwamba walikwisha kuona mvua kama hiyo mwaka 1766, kabla ya tetemeko kubwa la ardhi. Kutoka 1766 hadi 1799 ni miaka 33. Ufunguo ulikuwa tayari midomoni mwa wazee hao, na Humboldt akauhifadhi kwenye karatasi hadi ulipopata mtu wa kuutumia.

Usiku wa 1833

Usiku wa kuamkia Novemba 13, 1833, watu wa mashariki mwa Marekani waliamshwa na mayowe, kengele, na mwanga uliopenya madirishani. Vimondo vilikuwa vingi mno kuhesabika. Mtazamaji mmoja wa Boston alikadiria kwamba wakati wa kilele vilifikia nusu ya wingi wa chembe za theluji inayoanguka siku ya kawaida. Makadirio yaliyofanywa baadaye kwa kutumia maelezo yake yalipata zaidi ya vimondo 200,000 kwa usiku mzima, kwa mtu aliyesimama mahali pamoja.

Wengi waliamini kwamba kiyama kimefika. Kwa Waafrika waliokuwa wakishikiliwa utumwani katika mashamba ya kusini, usiku huo uligeuka kuwa alama ya maisha. Watu ambao mabwana zao hawakuwaandikia siku za kuzaliwa walihesabu umri wao kuanzia mwaka nyota zilipoanguka, kama vile wazee wetu walivyohesabu kwa mwaka wa njaa au wa nzige. Frederick Douglass, aliyekuja kuwa sauti kubwa ya kupinga utumwa, aliushuhudia akiwa kijana huko Maryland na akauandika katika kumbukumbu za maisha yake. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, hakuuona, lakini aliusikia ukisimuliwa. Mwishoni mwa karne hiyo aliushona katika blanketi la viraka ambalo leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Boston. Nalo ni daftari, ingawa limeandikwa kwa sindano.

Watu wa taifa la Lakota, katika nyika za katikati mwa Amerika, walikuwa na desturi ya kuchora picha moja kwa kila mwaka juu ya ngozi, wakichagua tukio lililoutambulisha mwaka huo. Kumbukumbu zao nyingi zina nyota zinazoanguka. Wanahistoria walipotaka kuioanisha miaka ya Walakota na kalenda ya Ulaya, picha hiyo ndiyo iliyowapa mwaka wa uhakika wa kuanzia.

Mjini New Haven, mwalimu wa chuo cha Yale aitwaye Denison Olmsted aliamshwa na majirani akawahi kuona sehemu ya mwisho. Asubuhi ile ile aliandika gazetini akiwaomba wasomaji wamletee habari: umeona nini, wapi, saa ngapi, upande gani wa anga? Magazeti mengine yakanakili ombi lake, na barua zikaanza kumiminika kutoka kila pembe ya nchi, kwa mabaharia, wakulima, walimu na maofisa wa jeshi.

Barua hizo zilikubaliana kuhusu jambo moja la ajabu. Vimondo vyote vilionekana kutoka mahali pamoja, katika shingo ya Simba, na kadiri usiku ulivyosonga mahali hapo palisogea pamoja na nyota. Kama vimondo vingekuwa vya hewani, vingezunguka na dunia, na chimbuko lake lingebaki juu ya mji ule ule. Kwa kuwa lilizifuata nyota, vimondo vilitoka nje ya dunia. Na kuonekana vikitokea mahali pamoja ni mchezo wa macho tu: vilisafiri sambamba, lakini mistari sambamba ikitazamwa kwa mbali huonekana kukutana, kama reli mbili zinavyokutana mbele ya mtu aliyesimama kati yake. Hoja hiyo ilifunga mlango kwa mvuke wa Aristotle.

Olmsted aliona pia kwamba tarehe ililingana na ya Humboldt, na kwamba Novemba 1832 vimondo vingi vilikuwa vimeonekana Mocha, bandari ya Yemen. Jambo hili, basi, lilikuwa na ratiba. Maelezo yake kuhusu njia ya vimondo angani yalikuja kurekebishwa, lakini barua alizozikusanya zilidumu.

Kutoka hofu hadi utabiri, 1834 hadi 1867

Miaka iliyofuata, watu waliokesha Novemba waliona vimondo vikipungua mwaka hadi mwaka. Wakati huohuo Adolphe Quetelet wa Brussels alionyesha kwamba Agosti nayo ina mvua yake ya kila mwaka, ile iitwayo Perseidi. Wakulima na waumini wa Ulaya walikuwa wakiijua zamani kwa jina la machozi ya Mtakatifu Laurenti. Ikawa wazi kwamba dunia hupita katika mikondo kadhaa ya vumbi, kila mmoja kwa tarehe yake.

Mwaka 1837 Wilhelm Olbers wa Ujerumani, akitazama 1799 na 1833, alidokeza kwamba Leonidi huenda zikarudi kwa wingi mwaka 1867. Kudokeza si kuthibitisha. Kazi ya kuthibitisha ilimwangukia Hubert Anson Newton, mtaalamu wa hisabati wa Yale. Katika miaka ya 1863 na 1864 alichambua kumbukumbu za kale, za Kiarabu, za Ulaya na za China, akageuza tarehe za kalenda zote ziwe za mfumo mmoja, na kupata orodha ya mvua 13 kuanzia 902 hadi 1833. Yule mwandishi wa Muharram 599 sasa alikaa katika jedwali moja na Humboldt na Olmsted. Jedwali lilionyesha mzunguko wa miaka 33 na robo, na Newton akatangaza kwamba vimondo vitarudi usiku wa Novemba 13 kuamkia 14, 1866.

Vikarudi. Ulaya nzima ilikesha, na katika kituo cha Greenwich, Uingereza, watazamaji waliogawana anga walihesabu zaidi ya vimondo 8,000. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa binadamu kutabiri dhoruba ya vimondo na kuingoja akiwa na kalamu mkononi.

Miezi michache ya kipindi hicho ilileta majibu yaliyokosekana kwa karne nyingi. Newton alikuwa ametaja njia tano ambazo vumbi hilo lingeweza kufuata kulizunguka jua. John Couch Adams wa Cambridge alikokotoa jinsi mvuto wa Mshtarii, Zohali na Uranus unavyoisogeza kila njia, akaona kwamba njia ndefu tu, ya miaka 33 na robo, ndiyo inayolingana na kusogea kwa tarehe katika orodha ya Newton. Giovanni Schiaparelli wa Milano alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba Perseidi husafiri katika njia ya nyotamkia iitwayo Swift-Tuttle. Na tazama: Wilhelm Tempel, akiwa Marseille, alikuwa amegundua nyotamkia nyingine mnamo Desemba 19, 1865, na Horace Tuttle wa Marekani akaiona mapema Januari 1866. Njia yake, iliyokokotolewa na Theodor von Oppolzer, ilikuwa na mzunguko wa miaka 33. Mwanzoni mwa 1867 Urbain Le Verrier alipochapisha njia ya vimondo vya Novemba, wanafalaki waliziweka njia hizo mbili pamoja na kuona kwamba ni moja. Vimondo ni vumbi la nyotamkia.

Kwa msomaji wa Tanzania inafaa kusema hapa kwamba kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la tani zipatazo 16 lililopo mkoani Songwe, ni cha ukoo mwingine. Chuma kama hicho hutoka katika miamba inayolizunguka jua, na huweza kufika ardhini. Chembe za Leonidi ni laini na ndogo, nazo huishia juu.

Fedheha ya 1899

Baada ya ushindi wa 1866, hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu 1899. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalitangaza usiku wa fahari, na umma ukajiandaa kukesha. Walikuwapo walioonya. George Johnstone Stoney na Arthur Downing walikokotoa kwamba tangu 1866 mkondo wa vumbi ulikuwa umepita karibu na Zohali na Mshtarii, na kwamba mvuto wa sayari hizo ulikuwa umeusogeza mbali na njia ya dunia. Onyo lao lilitoka siku chache kabla ya tarehe yenyewe, na sauti yake ikamezwa na matangazo.

Watu walikesha, vikaonekana vimondo vichache, jua likachomoza. Charles Olivier, aliyekuja kuwa kiongozi wa watazamaji wa Marekani, baadaye aliliita tukio hilo pigo kubwa kuliko yote ambayo elimu ya falaki imewahi kupata mbele ya macho ya umma.

Mimi nauhesabu usiku huo kuwa mmoja wa usiku wenye faida zaidi katika historia hii yote. Watazamaji waliandika uchache walioukuta, wala hawakuuficha, na kwa uchache huo hesabu ya Stoney na Downing ikathibitika. Funzo lilikuwa kwamba mkondo wa vumbi una historia yake na husukumwa na sayari, na kwamba kujua miaka 33 peke yake hakutoshi.

Watu wa kujitolea, kamera na rada, 1900 hadi 1966

Kazi ya kukesha kila mwaka, hata miaka isiyo na sifa, iliangukia mikono ya watu wa kujitolea. William Denning wa Bristol, mhasibu kwa taaluma, alitumia miongo mingi kuchora njia za vimondo na kutafuta chimbuko la kila mvua. Mwaka 1911 Olivier aliunda Jumuiya ya Vimondo ya Marekani, akakusanya taarifa za watazamaji kutoka sehemu nyingi. Mwaka 1932 na 1933 Leonidi zilikuja kwa unyonge, na hali hiyo nayo ikaandikwa.

Vyombo vipya vikaingia. Picha ya kwanza ya kimondo ilikuwa imepigwa Prague mwaka 1885. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wataalamu wa rada za kijeshi waligundua kwamba baadhi ya mawimbi yaliyorudi hayakutoka kwenye ndege wala makombora, bali kwenye mistari ya hewa yenye chaji inayoachwa na vimondo. Baada ya vita, Bernard Lovell na wenzake walipeleka rada za aina hiyo Jodrell Bank, Uingereza. Mwaka 1947 waligundua mvua za vimondo zinazoanguka mchana, ambazo jicho halingeweza kuziona kamwe. Mwaka 1950 Fred Whipple alieleza nyotamkia kuwa donge la barafu lililochanganyika na vumbi. Linapokaribia jua barafu hugeuka mvuke na kuliachia vumbi, na hivyo mkondo ukapata maelezo ya kuzaliwa kwake.

Nyotamkia ya Tempel-Tuttle yenyewe ilikuwa imepotea tangu 1866. Mwaka 1965, kwa kufuata hesabu za Joachim Schubart wa Ujerumani, ilipatikana tena katika picha zilizopigwa kituo cha Boyden, Afrika Kusini. Wakati huo wanafalaki, wakikumbuka fedheha, hawakuthubutu kuahidi chochote.

Alfajiri ya Novemba 17, 1966, kikundi cha watazamaji wa kujitolea kilikuwa Kitt Peak, Arizona. Kwa saa kadhaa vimondo viliongezeka kidogo kidogo, kisha ghafla vikamwagika. Kuhesabu kimoja kimoja kukashindikana. Wakakubaliana kwamba kila mmoja azungushe macho angani kwa sekunde moja na kusema idadi aliyoiona. Kilele, kilichodumu dakika zipatazo 20, walikikadiria kuwa vimondo 40 kwa sekunde. Uchambuzi wa baadaye uliishusha sana idadi hiyo, na mabishano hayo yakaonyesha upungufu mkubwa: hapakuwa na kanuni moja ya kuhesabu iliyokubaliwa na wote.

Kuhesabu kwa kanuni moja, 1988 hadi 2002

Upungufu huo ulizibwa mwaka 1988 lilipoanzishwa Shirika la Kimataifa la Vimondo. Mtazamaji sasa hakuandika idadi peke yake. Aliandika saa aliyoanza na aliyomaliza, mapumziko aliyochukua, sehemu ya anga iliyozibwa na mawingu, na nyota hafifu kabisa aliyoweza kuiona. Kwa takwimu hizo, idadi ya kila mtu hugeuzwa kuwa ile ambayo angeiona chini ya anga safi kabisa, chimbuko la vimondo likiwa utosini. Hapo mtu aliyeona vimondo 8 mjini na aliyeona 30 jangwani huweza kukuta kwamba wamepima kitu kilekile.

Haja ya takwimu hizo ilikuwa imeongezeka. Agosti 1993, wakati wa Perseidi, setilaiti ya Ulaya iitwayo Olympus ilipoteza mwelekeo na kazi yake ikaishia hapo, na kimondo kikashukiwa. Kwa wenye setilaiti, kujua saa ya dhoruba sasa lilikuwa jambo la fedha nyingi.

Jawabu lilitoka kwa kufuatilia vumbi la kila ziara ya nyotamkia peke yake. Wataalamu wa Urusi, Kondrat'eva na Reznikov, walitangulia katika miaka ya 1980. Kisha David Asher na Robert McNaught, wakifanya hesabu kama hizo, walionyesha kwamba mkondo hauko kama mto mmoja mpana. Una nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi ukiwa umeachwa mwaka fulani na kusukumwa na sayari kwa namna yake. Dhoruba hutokea dunia inapokatiza uzi wenyewe, na inapoupitia pembeni haitokei. Mara moja 1799, 1833, 1866, 1966, na hata ukimya wa 1899, vikapata maelezo. Kipimo cha nadharia hiyo kilikuwa kumbukumbu za zamani zenye saa sahihi.

Mwaka 1998 vimondo vikubwa vyenye kung'aa vilikuja mapema kuliko ilivyotarajiwa, na ikabainika kuwa vumbi lake liliachwa na nyotamkia mwaka 1333. Kwa 1999, Asher na McNaught walitaja dakika: saa 8:08 usiku kwa saa za Greenwich, kuamkia Novemba 18. Kilele kilikuja saa 8:02. Tofauti ilikuwa dakika sita, kwa jambo lililohusu vumbi la zaidi ya karne moja. Watazamaji waliokuwa Jordan, Ulaya na ndani ya ndege za utafiti walipima kiwango cha vimondo karibu 3,700 kwa saa. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa ndiyo kwanza saa kumi na moja alfajiri imepita, Simba akiwa juu. Dhoruba nyingine zikafuata 2001, juu ya Amerika na kisha Asia ya mashariki na Australia, na 2002, zote zikiwa zimetabiriwa.

Zamu yetu

Nyotamkia ya Tempel-Tuttle inatarajiwa kulifikia jua tena mwaka 2031. Hesabu zilizopo hazitarajii dhoruba ya kiwango cha 1966 katika ziara hiyo, maana mvuto wa Mshtarii utakuwa umeisogeza tena njia. Huo si udhuru wa kulala. Historia hii inaonyesha kwamba miaka iliyoandikwa kuwa na vimondo vichache ndiyo iliyoufumbua mkondo, sawa na ile iliyotisha watu.

Siku hizi kamera zinazojiendesha hukesha kila usiku katika nchi nyingi, zikikokotoa njia ya kila kimondo kama walivyofanya Brandes na Benzenberg. Bado sehemu kubwa ya Afrika ya Ikweta ina watazamaji wachache mno, ilhali vijiji vyetu vina giza ambalo miji ya Ulaya imelipoteza. Novemba ni msimu wa vuli na mawingu ni mengi, lakini hata mawingu yana nafasi yake katika fomu ya mtazamaji.

Anayetaka kuanza hahitaji darubini. Usiku wa Novemba 17 kuamkia 18, achague uwanja usio na taa, alale chali juu ya mkeka, ayape macho nusu saa yazoee giza, na atazame kuanzia saa tisa usiku hadi saa kumi na moja. Kwa kila kimondo aandike saa, mwangaza wake ukilinganishwa na nyota, na kama njia yake ikirudishwa nyuma inafika kwa Simba. Aandike pia mahali alipo na hali ya anga, aipeleke taarifa yake kwa Shirika la Kimataifa la Vimondo, na abaki na nakala. Atakayezaliwa mwaka 2031 atakuwa na miaka 33 nyotamkia itakaporudi tena, na hesabu zake za wakati huo zitategemea tulichoandika sisi.